Msitugeuze mapolisi wa watoto wetu

Kila Juni ikikaribia, wazazi wa Kenya siku hizi tunajua tutaambiwa nini. Kiongozi atasimama kwenye mazishi ama kanisani Jumapili, maiki mkononi, aseme wazazi wamelala kazini, wafungieni watoto nyumbani, na wako akipatikana barabarani kwenye maandamano usije ukalilia serikali, jililie mwenyewe. Atamalizia na ile methali ya asiyefunzwa na mamaye na watu watapiga makofi, tena wengi wa wanaopiga ni akina mama wa rika langu, na si ati ni wajinga, ni uoga, na uoga wa mama naujua vizuri sana kwa sababu ninao. Niko na watoto watatu, wawili wameshachukua kitambulisho na kitindamimba bado yuko sekondari. Lakini hayo maneno tunayoyapigia makofi tumeyaelewa vibaya. Tunadhani ni ushauri wa malezi, na ukiyaangalia vizuri ni siasa imevaa leso ya mama. Msimamo wangu ni huu: mamlaka ya mzazi na mamlaka ya serikali hayatoki mahali pamoja na hayaishii mahali pamoja, na serikali ikimtumia mzazi kumziba mdomo mtu mzima wa miaka 22 inaharibu nyumba na nchi kwa mkupuo mmoja. Na sisi Wakristo tunaisaidia kuharibu tukidhani tunalinda familia.

Turudi nyuma kidogo kwa sababu watu wanasahau haraka. Mwaka 2024 vijana walitoka kupinga Mswada wa Fedha, tarehe 25 Juni wakaingia bungeni, kesho yake Rais Ruto akasema hatatia sahihi. Wiki mbili baadaye akavunja karibu baraza lote la mawaziri. Tume ya kitaifa ya haki za binadamu, KNCHR, ilihesabu karibu watu 60 waliokufa katika msimu ule wa maandamano, na kufikia mwisho wa mwaka ilikuwa imerekodi zaidi ya watu 80 waliotekwa, wengine wakatupwa barabarani usiku, wengine hawakuonekana kwa muda mrefu. Mwaka 2025 tukaanza tena, maadhimisho ya 25 Juni, halafu Saba Saba tarehe 7 Julai, na siku hiyo moja tu tume ile ile ikahesabu vifo 38. Siku mbili baada ya hapo rais akasema anayechoma biashara ya mtu apigwe risasi ya mguu. Hapo katikati ndipo wimbo wa "wazazi wako wapi" ulipopanda sauti, kwa wanasiasa, kwa machifu, kwa makanisa mengine pia, na mpaka sasa uchaguzi wa Agosti 2027 unakaribia bado unaimbwa.

Huu wimbo haukuanza jana. Sisi tuliosoma shule ya msingi wakati wa Moi tulilelewa na serikali kihalisia, tulikunywa maziwa ya Nyayo kwenye pakiti za pembe tatu, tukisimama mstarini tunaapa utiifu kwa rais kabla ya darasa, na nyumbani ulikuwa unajua kuna majina hayatajwi kwa sauti. Kabla yake tulikuwa na Kenyatta, Baba wa Taifa. Hata upinzani wetu ulikuwa na Baba wake, mpaka Raila alipofariki Oktoba 2025 watu wazima wenye wajukuu walikuwa wanalia ati wameachwa yatima. Sisemi hayo kwa dharau, heshima ya mzee kwetu ni kitu kizuri. Ila tumezoea kuona nchi kama boma la mtu mmoja, yeye baba, sisi watoto, na ukishakubali hiyo picha basi mtu anayeuliza bajeti imeenda wapi anaonekana mtoto mtundu, mama yake anaitwa aulizwe kwa nini hakumfunza adabu.

Sasa mamlaka ya mzazi yakoje? Yanaanza makubwa halafu yanapungua. Mtoto wa miezi sita humuulizi anataka kuvaa nini. Wa miaka 9 unampa sababu. Wa 16 mnabishana mpaka usiku. Wa 22 unamshauri na unamwombea, basi, hiyo ndiyo silaha imebaki. Mzazi ambaye mtoto wake wa miaka 30 bado anaomba ruhusa kwenda sokoni hajafaulu kulea hata kama majirani wanamsifu. Mungu mwenyewe ametuwekea hiyo mipaka, Hana alimwomba Samweli kwa machozi na bado akamwachilia mdogo tu akakae hekaluni. Na Mariamu, Luka sura ya pili, alimtafuta mwanawe siku tatu akamkuta ameketi na walimu anawasikiliza na kuwauliza maswali, miaka 12. Akamgombeza kama mama yeyote, mwanangu mbona umetutenda hivi, na jibu alilopewa hawakulielewa, Biblia haifichi hilo, lakini aliliweka moyoni na kijana akarudi nao Nazareti akawatii. Napenda hiyo hadithi kwa sababu kuuliza wazee maswali na kutii wazazi vinakaa ndani ya mtoto mmoja, wiki moja, na hakuna anayemwambia achague.

Mamlaka ya serikali yanatembea njia nyingine kabisa. Kifungu cha kwanza cha Katiba ya 2010 kinasema mamlaka yote kuu ni ya wananchi wa Kenya, wengine wote wamekabidhiwa tu. Serikali haijazaa mtu. Ni kama soja wa geti, sisi wapangaji ndio tumemwajiri, tumempa rungu na funguo alinde ploti, mwisho wa mwezi tunachanga tunamlipa. Siku soja anakuja kuniambia nimfungie kijana wangu ndani kwa sababu ameuliza pesa za ulinzi zinaenda wapi, shida si malezi yangu. Na wala sisemi soja hana kazi, anayo, tena muhimu, usiku ule wezi wanakuja namhitaji kweli kweli.

Wanaosema tuwaweke watoto nyumbani wana hoja moja nzito na ningekuwa mwongo nikiiruka. Mama mwenye duka dogo la simu ama la nguo pale katikati ya Nairobi, 25 Juni 2025, alikuja kesho yake akakuta mlango umevunjwa na stoki yote imeenda, na hiyo stoki ilikuwa ya mkopo. Yeye pia ni Mkenya, Katiba inamlinda pia, watoto wake pia wanataka karo. Waliovunja hawakuwa wote vijana wa mabango, tulishaona wahuni wa kulipwa wakiwa na marungu wakitembea karibu na polisi kama wanajuana, lakini pia hawakuwa wote wa kulipwa, na kusema kila aliyeiba alitumwa ni kujidanganya. Halafu kuna uoga wenyewe. Risasi haiulizi mtoto ni wa nani. Mama anayesimama mlangoni kumzuia kijana wake hajauza nchi, anataka tu jioni ahesabu vichwa mezani viwe kamili, na kama kuna mtu anamcheka huyo mama basi hajawahi kungoja simu ya mtu ambaye laini yake imezima. Mimi mwenyewe nilimwomba wangu wa pili asiende. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaenda. Tulikosana kama wiki hivi, na si kwamba mmoja wetu alikuwa mbaya.

Lakini ile hoja inayopendwa zaidi na viongozi ndiyo dhaifu kuliko zote, ile ya nyumbani ndio salama. Saba Saba ya 2025 msichana wa miaka 12 kule Kiambu alikufa kwa risasi akiwa nyumbani kwao anatazama runinga. Mama yake alikuwa amefanya kila kitu tulichoambiwa tufanye. Mwezi mmoja kabla ya hapo, mwalimu kijana alikamatwa kwa wazazi wake Homa Bay kwa sababu ya posti ya mtandaoni kuhusu afisa mkubwa wa polisi, akasafirishwa mpaka Nairobi na akafa ndani ya seli za kituo cha polisi cha Central. Polisi wakasema alijigonga kichwa ukutani, madaktari waliopasua maiti wakasema majeraha hayasemi hivyo. Baba yake alikuwa amefunga safari kutoka kijijini na hati ya shamba mkononi akidhani ataitumia kumwekea mtoto dhamana. Nifikirie huyo mzee namna gani, alikosea wapi kulea? Kijana wake alikuwa amesoma, ameajiriwa, yuko kwao, hakuwa na jiwe mkononi. Kwa hivyo geti lililofungwa halikumlinda mtu, na anayetuambia tulifunge anatubebesha sisi mzigo ambao kisheria ni wake, kwa sababu maisha ya raia yakipotea mikononi mwa askari anayetakiwa kujibu ni aliyempa askari bunduki.

Na hapa wacha niulize kitu ambacho sijasikia kikiulizwa kwenye mimbari. Yule karao, yule polisi, naye si ni mtoto wa mtu? Alilelewa kwenye nyumba, pengine ya Kikristo, alienda Sunday school, alibatizwa, mama yake yuko kwenye kikundi cha akina mama mahali fulani anapika chai siku ya harambee. Wazazi wa waandamanaji wameitwa, wameaibishwa, wameambiwa wajieleze. Wazazi wa waliofyatua hawajawahi kuulizwa walifunza nini. Sisemi waulizwe, itakuwa ujinga ule ule, mtu mzima anabeba dhambi yake. Ila inaonyesha kwamba hii maneno ya malezi inatumika upande mmoja tu, na kitu kinachotumika upande mmoja hakiwezi kuwa kanuni ya malezi.

Najua mtu atasema Warumi 13, kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu. Naiheshimu hiyo sura na nimeifunza darasa la watoto. Tuisome yote basi, kwa sababu Paulo anamwita mtawala mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema, yaani amemwekea kipimo hapo hapo, na huyo huyo Paulo kule Filipi, Matendo 16, alichapwa viboko hadharani bila kesi akafungwa usiku, asubuhi wakubwa wakatuma watu kimya kimya ati waachilieni waende zao. Akakataa kutoka. Akasema sisi ni Warumi, mmetupiga mbele ya watu bila hukumu, sasa mnataka tutoke kwa siri, hapana, waje wenyewe watutoe. Na wakaja, wameshikwa na hofu. Paulo hakurusha jiwe wala hakumtukana mtu, alidai haki iliyokuwa kwenye sheria ya nchi yake mpaka serikali ikatembea kwa miguu ikaja kumsihi. Hata kabla yake, mwanzo wa Kutoka, wakunga Shifra na Pua walipewa amri na Farao juu ya watoto wa kiume wakaikataa, na Yokebedi akamficha wake miezi mitatu. Hakuna mhubiri amewahi kusimama akasema Yokebedi alivunja Warumi 13. Tunamsifu kila mwaka Siku ya Akina Mama, kadi na maua, halafu Jumatatu tunaambiwa mama mcha Mungu hagombani na serikali.

Na kwetu tuko na Yokebedi wetu. Februari 28, 1992, akina mama wazee waliotoka vijijini, wengi wao wamevaa vitambaa kichwani vile mama zetu wa kanisa huvaa, walienda ofisi ya mkuu wa sheria kudai wana wao waliofungwa kwa siasa waachiliwe, kisha wakakaa Uhuru Park kwenye ile kona inayoitwa Freedom Corner wakifunga chakula. Wangari Maathai alikuwa nao. Monica Wamwere, mama wa mfungwa wa kisiasa Koigi wa Wamwere, alikuwa nao. Tarehe 3 Machi polisi wakaja na marungu na vitoza machozi, Wangari akapigwa mpaka akazimia, na baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya askari, kitu ambacho kwa mila zetu nyingi ni laana ambayo mwanamume hataki kuiona na macho yake. Wakahamia chini ya kanisa la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima, wanaomba, wanaimba, wanahojiwa na waandishi wa habari, mpaka kufikia mwanzo wa 1993 karibu wafungwa wote 52 waliokuwa wanadaiwa wakawa wametoka. Zingatieni hapa, wana wao hawakuwa watoto, walikuwa wanaume wenye ndevu, na wale mama hawakusema "tungewafungia nyumbani haya yasingetokea." Walijua kosa liko wapi. Wakatumia umama wao kuelekea upande wenye kosa. Leo tunaombwa tuutumie kuelekea upande wa pili, na hiyo ndiyo tofauti ambayo inanikosesha usingizi zaidi ya kitu kingine chochote.

Kanisa lenyewe nalo halijawahi kuwa kitu kimoja kwa haya mambo, tusijifanye. Tulikuwa na viongozi wa kanisa kama Gitari, Okullu, Muge, Njoya, Ndingi, watu waliohubiri wakijua gharama, Muge alionywa na waziri asikanyage Busia, akaenda, akafa barabarani akirudi, Agosti 1990. Lakini pia mwaka 2010 makanisa makubwa yalisimama na Hapana kwenye kura ya maoni kwa sababu ya mahakama za Kadhi na kile kifungu cha uavyaji mimba. Nilikuwa na wasiwasi huo huo, na wa mimba bado ninao. Asilimia 67 ya Wakenya wakasema Ndiyo, na Katiba tuliyoipinga ndiyo leo inampa askofu kifungu cha 33 aongee, na kifungu cha 37 kinampa kijana wangu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki walitoa taarifa kali juu ya utamaduni wa uongo serikalini, siku chache baadaye Askofu Mkuu Anyolo akaagiza pesa za rais alizotoa kwenye parokia ya Soweto, Nairobi, zirudishwe. Wengine mwaka uliofuata walitangaziwa mchango wa rais wa shilingi milioni 20 na wakashangilia. Kwa hivyo mtu akiniambia "kanisa limesema," namuuliza kanisa gani, na wiki gani.

Sasa twende ndani ya nyumba kabisa kwa sababu hapo ndipo sisi akina mama hatupendi kufika. Nyumba zetu nyingi za Kikristo zinaendeshwa na uoga na tunauita adabu. Baba akiingia watu wananyamaza. Mtoto akiuliza kwa nini, anaambiwa kwa sababu nimesema. Mume anasoma Waefeso 5:22 kwa sauti na anaruka 5:21 inayosema mnyenyekeane, na Katiba kifungu cha 45 inayosema wenye ndoa wako na haki sawa inaonekana ni maneno ya wazungu, wakati ni Wakenya wenyewe walioipitisha kwa kura. Viboko shuleni vilipigwa marufuku 2001 na bado mzazi anamwambia mwalimu "mchape, ni wako." Nimelelewa hivyo na sikufa, ndio tunavyosema. Sawa, hukufa. Lakini angalia tulivyokuwa: tunajua kunyamaza mbele ya mkubwa na kumkanyaga mdogo, ndio elimu tuliyobeba, mtu anatetemeka mbele ya bosi halafu anafika nyumbani anamfokea msichana wa kazi. Nyumba kama hiyo ikitoa askari, itatoa askari wa aina gani? Ikitoa kijana wa upinzani, huyo naye akipata kiti atafanyaje? Watoto ambao hawajawahi kushindana na mzazi kwa maneno, wakashinda mara moja moja, na mzazi akakubali kwamba hapa uko sawa, watajifunzia wapi kwamba mamlaka yanaweza kurekebishwa bila kuchomwa moto? Mimi naona vurugu ya barabarani inatoka zaidi kwenye nyumba zenye ukimya kuliko kwenye nyumba zenye maswali. Hilo siwezi kulithibitisha na takwimu, ni macho yangu tu ya miaka mingi ya kukaa na vijana wa kanisa, chukueni hivyo.

Upande wa vijana nao niseme, wasije wakadhani mama amekuja kuwapigia makofi. Kuna maneno nayaona X na TikTok ambayo hakuna uhuru unayaosha. Picha za kiongozi amewekwa kwenye jeneza zilinichukiza, na zitanichukiza hata akiwekwa yule nisiyempigia kura, ingawa kumteka mtu kwa sababu ya picha ni uhalifu mkubwa kuliko picha. Kuna huu msemo wa "hakuna mtu atanipangia," unatumika kwa serikali asubuhi na kwa mama jioni, na vyombo havijaoshwa. Wagalatia 5:13 inasema tuliitwa tupate uhuru, halafu haipumui, inaendelea hapo hapo kusema usiwe sababu ya kuufuata mwili, tumikianeni kwa upendo. Kijana aliyeshika bango la haki akarudi kumpitia mama muuza matunda bila kumlipa hajaelewa bango lake. Lakini hata hivyo, na hili nalisema kwa wazazi wenzangu, mapungufu ya kijana hayafuti haki yake. Hatukupewa kifungu cha 37 kwa sharti la kwanza tuwe watakatifu.

Mtu makini ataniuliza, kwa hivyo serikali isiingie kwenye malezi kabisa? Iingie, na tunajua ni lini, kwa sababu tuna Shakahola. Kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kwenye ule msitu wa Kilifi, mingi ya watoto, na wafuasi waliambiwa kufunga mpaka kufa ni kukutana na Yesu. Wazazi walipeleka watoto wao wenyewe. Mhubiri wao Paul Mackenzie na wenzake wako kortini na wamekanusha mashtaka, korti itasema. Lakini hapo ndipo uhuru wa mzazi na uhuru wa kuabudu unaishia, mtoto wa miaka 5 hajachagua kufunga, kifungu cha 53 kinamlinda dhidi ya kila mtu, mama yake akiwemo. Pale serikali ilihitajika kugonga mlango na ilichelewa, malalamiko yalikuwa yameshafika kwa maafisa kabla. Baada ya aibu ndio tukaletewa mswada wa kusimamia mashirika ya dini, na wachungaji wengi wakalia ati uhuru wa kanisa unaingiliwa, wengine wakiwa wale wale wanaosema kijana akae nyumbani. Yaani uhuru wao wa kuhubiri bila kuulizwa mahesabu ni wa Mungu, uhuru wa kijana kuuliza serikali mahesabu ni wa shetani. Mstari nauona uko wazi: serikali iwe kali kumlinda asiyeweza kujilinda, na iwe na unyenyekevu mbele ya mtu mzima anayeidai. Kwetu imekuwa kinyume, pole kwa mtoto wa msituni na haraka kwa mwenye bango.

Nikitoa haya kwenye karatasi nikiyaweka kwa nyumba yangu yanaonekana hivi. Kitindamimba haendi maandamano, yuko chini ya miaka 18, mamlaka yangu juu yake bado ni kamili na sababu nimempa, mtoto wa miaka 12 aliuawa Rongai Juni 2024 na sitaki ubishi juu ya hilo. Wale wakubwa wanajua maoni yangu, wanajua naogopa, na wanajua nikiambiwa na chifu niwafungie nitamjibu chifu mimi mwenyewe. Wote wawili wameandikishwa kupiga kura kwa sababu maandamano peke yake yana mwisho wake, ule mswada wa 2024 uliondolewa na kabla mwaka kuisha baadhi ya ushuru ulikuwa umerudi kwa mlango wa nyuma, Desemba, wakati watu wanapanga safari za Krismasi. Anayeujua ule mlango ni mbunge, na mbunge anatoka kwa kura.

Kwa kanisa langu ombi ni dogo. Akina mama wa kikundi chetu kati yao kuna manesi, kuna wakili, kuna wanaojua kupika sufuria la watu mia. Juni 2024 msikiti wa Jamia ulifungua milango majeruhi wakatibiwa, na hakuna aliyeulizwa dini yake. Mwaka 1992 All Saints ilifanya hivyo hivyo kwa akina mama wa Freedom Corner. Kabla ya 2027 kila parokia ya mjini ingeamua sasa, kwenye mkutano, kwa muhtasari ulioandikwa na kusainiwa, kama jengo lake litakuwa wazi siku kama hiyo ama la, nani atakaa hapo, na wakili gani atapigiwa simu mtu akikamatwa. Halafu wazazi watangaziwe Jumapili hiyo, kabla ya matangazo ya harambee.